Sahani ya Kila Mtu na Sufuria ya Wote



Kila mwaka, Pasaka ikiisha kupita na macho ya wanafunzi yakianza kuelekea likizo kubwa, swali moja hurudi katika mikutano yetu. Chakula cha safari tukilipie mbele, kabla hatujaondoka, ama kila mmoja ale anachotaka na kulipa papo hapo, mradi tumeahidiwa kupunguziwa bei? Wengi hudhani kwamba hilo ni shauri la mtunza hazina na daftari lake. Hata mimi nilidhani hivyo kwa miaka mingi, na nilikuwa nikitoka nje kupunga upepo wakati hesabu hizo zinapofanywa. Leo naomba nafasi katika ukurasa huu nieleze kwa nini sitoki tena.

Mwaka huu tunakusudia kwenda Yangambi kwa siku tatu, vijana pamoja na familia zitakazopenda kuandamana nasi. Kutoka hapa Kisangani ni kilomita karibu 100 kwa kuufuata mto. Wengi wenu mmesikia jina la mahali hapo bila kupaona. Huko ndiko taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa mwaka 1933 kwa jina la INEAC ilikoweka kituo chake kikubwa, ambacho leo ni cha INERA. Na huko umo mkusanyo wa mimea iliyokaushwa ambao wataalamu wa mbali huvuka bahari kuja kuutazama, ilhali mtoto wa Mangobo au wa Kabondo hajauona. Kwa hiyo safari ni njema na sina neno juu yake. Neno langu ni juu ya sufuria.

Mama mmoja mwenye nyumba ya chakula huko ametuletea mapendekezo mawili kwa simu. La kwanza: kila kichwa kitoe faranga 10,000 kwa siku, na kwa fedha hizo kipate chai ya asubuhi, chakula cha mchana na cha jioni, malipo yote yafike majuma mawili kabla yetu, na mtoto alipiwe sawa na mtu mzima. La pili: tusilipe kitu mbele, bali kila atakayeonyesha karatasi ya kikundi chetu apunguziwe sehemu moja ya tano ya bei ya chochote atakachokula.

Mtunza hazina wetu, ambaye anasomea mambo ya uchumi chuoni, hakuchelewa. Alisimama akasema kwamba pendekezo la pili lashinda, na akaomba chaki. Nami kama mwalimu siwezi kumnyima mtu chaki. Basi tuiandike hesabu yake kama alivyoiandika ubaoni.

Chai pamoja na mikate ni faranga 1,500. Sahani ya mchana, iwe ya lituma na samaki ama ya wali na sombe, ni 5,000. Sahani ya jioni ni 5,000 vilevile. Jumla 11,500. Ondoa sehemu ya tano, yaani 2,300, yanabaki 9,200. Kumbe hata mtu anayekula mara tatu bila kuacha tonge moja, angali chini ya zile 10,000 za malipo ya mbele. Na yule asiyekula mchana kwa sababu alikunywa chai saa nne, atalipa 5,200 tu kwa siku nzima.

Kisha akaigeukia familia, na hapo ndipo nilipomvulia kofia. Baba, mama na watoto wanne, kwa malipo ya mbele, ni vichwa sita: faranga 60,000 kwa siku, 180,000 kwa siku tatu. Lakini nani kati yenu amepata kumwona mtoto wa miaka minne akimaliza peke yake sahani nzima ya lituma? Kwetu watoto wawili wadogo hula sahani moja, na mabishano yao huwa juu ya kipande cha samaki tu. Watu hao sita watahitaji sahani nne mchana na nne jioni, yaani 40,000, na vikombe sita vya chai, 9,000. Jumla 49,000, ondoa sehemu ya tano, 39,200. Kwa siku tatu ni 117,600. Tofauti ni faranga 62,400, nazo ni madaftari na kalamu za watoto wanne shule zitakapofunguliwa. Malipo ya mbele huhesabu vichwa. Kulipa papo hapo huhesabu sahani. Na familia ya Kikongo haina vichwa na sahani vya idadi moja.

Sikuweza kumkosoa hata faranga moja. Tena nikiwa nyumbani nilizidi kuona kwamba alikuwa na haki kuliko alivyojua mwenyewe. Kuna uchunguzi mmoja uliotolewa mwaka 2006 na wataalamu wawili wa uchumi, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, juu ya vilabu vitatu vya mazoezi ya mwili huko Marekani. Waliwafuatilia wanachama 7,752. Wale waliochagua kulipa mkupuo wa zaidi ya dola 70 kwa mwezi walifika kilabuni, kwa wastani, mara 4.3 kwa mwezi. Hivyo kila kufika kuliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali wangeweza kununua kadi ya mara kumi na kulipa dola 10 kwa kila mara. Hakuna aliyewadanganya. Walidanganywa na picha waliyokuwa nayo juu yao wenyewe: walijiona ni watu watakaokwenda kila siku. Nasi tunapolipia milo tisa ya Yangambi hufanya vivyo hivyo. Tunailipia njaa tuliyoiwaza tukiwa tumeketi mkutanoni, na siyo njaa tutakayokuwa nayo kando ya mto, wakati mama fulani amepita na mahindi ya kuchoma na rafiki amefungua kwanga yake.

Na mtu akiisha kulipa, hula ili asipoteze. Nimewaona watu wazima, wenye heshima zao, wakijaza sahani ya tatu kwa uso wa huzuni, kisha mchana mzima wakalala chini ya mwembe wakati wenzao wanaonyeshwa miti ya msitu. Wenye hoteli ulimwenguni wameijua tabia hiyo zamani. Mwaka 1950 Gérard Blitz alipofungua kambi ya kwanza ya Club Méditerranée katika kisiwa cha Majorca, bei moja ilibeba hema, chakula na michezo, na wageni walifurahi kuwa huru na mkoba wao. Kule Florida, bustani za Walt Disney World zilianzisha mwaka 2005 mpango wa familia kulipia milo yao kabla ya kufika. Mpango ulisimamishwa mwaka 2020 na kurudishwa Januari 2024, na muda wote huo wazazi wa Kimarekani wamekuwa wakifanya hesabu ileile aliyoifanya mtunza hazina wetu, wakiulizana ikiwa kadi ya punguzo isingewafaa zaidi. Na ndugu zetu wa Zanzibar wanazijua hoteli za pwani ambamo mgeni amelipia kila kitu akiwa bado Ulaya: hana sababu ya kutoka ukutani jioni kununua pweza wa Forodhani, maana kila kipande anachonunua nje ni kama kukilipia mara mbili.

Jambo hilo la mwisho linanigusa. Huko Yangambi kama hapa, kando ya kila njia wapo akina mama wenye mbabula na karai la mafuta. Hawana punguzo la kuwaandikia kwenye karatasi. Walicho nacho ni matabishi: umenunua mikate mitano, anakuongezea wa sita kwa sababu amekupenda, ama kwa sababu umemsalimu vizuri. Kikundi kilicholipia kila tonge katika nyumba moja hupita mbele yao kama msafara wa serikali, bila kusimama.

Mpaka hapa mtanidhani nimekwisha kuhamia upande wa mtunza hazina. Nami nilikuwa upande huo kweli, miaka miwili iliyopita, tulipokwenda Isangi, pale Lomami inapoingia mtoni. Safari ile hatukulipa chakula mbele. Tulipata punguzo zuri kuliko hili la sasa, na wengi wenu mliokuwapo mnakumbuka jinsi tulivyosifiana.

Kulikuwa na kijana mmoja katika kundi letu. Sitasema zaidi juu yake, kwa maana si haki yangu. Siku ya kwanza, wakati wa mchana, nilimwona ameketi peke yake karibu na gati, akirusha vijiti majini. Nikamwuliza: «Mbona huli?» Akajibu kwa adabu: «Nimeshiba, Mwalimu. Asubuhi nilikula sana.» Nikamwamini. Siku ya pili alikuwa pale pale, na nikapita bila kuuliza, kwa sababu jibu la jana lilikuwa limenitosha. Jioni alikuja mezani akanywa maji, akacheka na wenzake, akaimba kuliko wote. Siku ya tatu nilikwenda kununua mikate kwa mama mmoja aliyekuwa na karai lake kando ya njia, naye akaniambia, bila kujua anachoniambia, kwamba vijana wetu wamelelewa vizuri: yule mmoja anamchotea maji asubuhi na jioni, naye humpa mikate mitatu kila mara, na hajawahi kuomba wa nne.

Nauli ya kijana yule ililipwa na dada yake. Fedha ya chakula hakuwa nayo. Punguzo letu lilikuwa sehemu moja ya nne. Lakini sahani ya faranga 4,000 iliyopunguzwa robo bado ni faranga 3,000, na asiye na kitu hupunguziwa sehemu ya nne ya kitu asichokuwa nacho. Wakati yeye alipokuwa akichota maji, sisi tulikuwa mezani tukilinganisha nani amelipa kidogo kuliko mwenzake. Ninasema sisi, na mimi ndiye niliyekuwa mzee kuliko wote mezani. Mwaka uliofuata hakujiandikisha. Nilipomfuata nyumbani alisema ana kazi ya likizo, na pengine ilikuwa kweli.

Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa jambo la namna hiyo hiyo: walikuja kwenye meza moja, mmoja akabaki na njaa na mwingine akalewa. Kwa miaka mingi nimeifundisha sura hiyo kwa watoto wa Komunyo ya kwanza, nikidhani ni habari za watu wa kale wasio na adabu. Huko Isangi hakuna aliyekosa adabu. Kila mmoja alilipa deni lake, akashukuru, akafuta meza. Ndiyo sababu hatukuona kitu.

Basi, hiki ndicho ninachokiweka juu ya mizani upande wa pili wa hesabu ya mtunza hazina. Malipo ya mbele yana ubaya wote nilioutaja, lakini yana wema mmoja ambao punguzo haliwezi kuwa nao: saa ya kula ikifika, hakuna anayetoa mkoba. Aliyetoa kwa shida na aliyetoa bila kuhisi hukaa mbele ya sufuria moja, na hakuna awezaye kujua yupi ni yupi. Hata huko mbali wamelifikiri hilo. Katika Siku ya Vijana Duniani iliyofanyika Lisbon kuanzia tarehe 1 hadi 6 Agosti 2023, mhujaji aliweza kujiandikisha pamoja na chakula au bila chakula. Na katika makusanyiko hayo huwa kuna pia mchango wa mshikamano, ambao wenye uwezo huutoa kwa ajili ya wahujaji wa nchi maskini. Wale miongoni mwenu wanaoota kwenda Seoul mwaka 2027 watakutana na karatasi hiyo hiyo, na swali hili hili, kwa lugha nyingine.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu, na mengine nitayasema mwenyewe kabla hamjanisemea.

Kwanza, malipo ya mbele huhesabu siku za kalenda, na mto hauijui kalenda. Nilipokuwa mvulana tulishuka kwenda Kinshasa likizoni, kilomita 1,734 za maji, mimi na wadogo zangu pamoja na wazazi na shangazi yetu. Mama alibeba mchele, mafuta, chumvi na mbabula yake, naye akawa akinunua samaki wa kukaushwa na ndizi kwa watu wa mitumbwi waliokuwa wakija kujifunga ubavuni mwa meli usiku na mchana. Na kadiri tulivyokuwa mbali na miji ndivyo bei ilivyokuwa ndogo, kiasi kwamba baba alisema mto wenyewe unatoa punguzo. Shangazi aliwacheka kwa moshi wao. Yeye alikuwa amempa mama mmoja mfanyabiashara, ambaye alipikia abiria juu ya baji, fedha za siku kumi zote. Ulikuwa mwezi wa saba, maji yamepungua, na meli ikakaa juu ya mchanga. Siku ya kumi ilipokwisha, tulikuwa bado tunautazama ukingo uleule na mti uleule. Yule mfanyabiashara hakuwa mwizi: alikuwa amelisha siku kumi kama alivyoahidi. Shangazi akaja kwenye mbabula ya mama yangu, naye mama akamsogezea kigoda bila kusema neno. Lakini baba, ambaye hakuwa na subira ya mama, alisema maneno kadhaa ambayo shangazi aliyakumbuka mpaka uzee wake.

Pili, faranga iliyotolewa mwezi wa tano si faranga itakayonunua samaki mwezi wa saba. Mwaka 2023 dola moja ilianza ikiwa karibu faranga 2,000, ikamaliza mwaka ikikaribia 2,700. Mpishi aliyepokea fedha mapema na kuziweka sandukuni huamka siku moja akakuta zimepungua bila mtu kuziiba, na anachoweza kufanya ni kimoja tu: kukata kipande cha samaki kiwe kidogo. Mlaji hulalamika, mpishi hulalamika, na wote wawili wanasema kweli.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, kumwambia mzazi atoe faranga 30,000 kwa mara moja kwa mtoto mmoja ni kumfungia mlango kabla safari haijaanza. Yule wa Isangi aliona njaa akiwa pamoja nasi. Kwa malipo ya mbele ya mkupuo mmoja asingefika hata gatini, nasi tungesema tu kwamba mwaka huu hakupenda kuja. Usawa wa namna hiyo hupatikana kwa kuwaacha nyumbani wasio sawa. Siutaki.

Kwa hiyo sipendi pendekezo la kwanza la mama yetu wa Yangambi, wala sipendi la pili. Baada ya mkutano nilimpigia simu nikamwomba la tatu: tusinunue vichwa wala sahani, tununue sufuria. Yaani, kwa jioni tatu, apike sufuria za kututosha sote, wakubwa na wadogo, kwa bei ya sufuria nzima, na sisi wenyewe tupakue. Tulipojadiliana alifikia bei ambayo, ikigawanywa kwa idadi yetu, ni karibu faranga 4,000 kwa mtu kwa jioni moja, sawa na ile sahani iliyopunguzwa sehemu ya tano, lakini bila karatasi mkononi. Jioni tatu ni faranga 12,000. Tukianza kukusanya Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tano, kwa majuma manane, ni faranga 1,500 kila Jumapili. Akina mama zenu wanaijua likelemba kuliko mimi, nao watawaambia kwamba faranga 1,500 kwa juma hupatikana mahali ambapo 12,000 hazipatikani.

Asubuhi na mchana tuache huru. Mwenye kutaka ale sahani ya punguzo. Mwenye kutaka anunue mikate na ndizi ya kuchoma kwa akina mama wa njiani. Familia zenye watoto zihesabu sahani zao kama mtunza hazina alivyofundisha. Hapo hesabu yake inatawala, na inafaa itawale. Sikatai kwamba hata mchana mtu anaweza kukosa. Lakini anayejua kwamba jioni ipo sufuria, na kwamba sehemu yake imo ndani, huvumilia mchana kwa namna nyingine kabisa na yule asiyejua atakula lini. Tena tutakuwa na unga na sukari katika mizigo yetu, na uji si jambo la kuombea ruhusa.

Kwa wasioweza hata 1,500, tuweke sanduku lililofungwa kwenye mlango wa ukumbi, siku zote nane za mkusanyo. Kila mmoja atie bahasha yake isiyo na jina, yenye 1,500, ama zaidi, ama pungufu, ama tupu. Daftari la majina ya wasafiri liwe mbali na sanduku, na mtu asihesabu bahasha kwa kuzilinganisha na daftari. Mtunza hazina alinipinga sana hapa. Alisema: «Mwalimu, sanduku la hivyo litapungukiwa. Watu wenye fedha watatia bahasha tupu.» Nilimjibu kwamba pengine wapo watakaofanya hivyo, na kwamba ninakubali tulishwe pamoja na watu hao kuliko kumwona tena kijana akichota maji ili apate mikate mitatu. Hakuridhika. Alisema kwamba upungufu haulipwi kwa maneno mazuri, na kwamba kama sanduku likipungua faranga 40,000 mama wa Yangambi hatapokea hotuba yangu. Ana haki. Nimemwahidi kwamba upungufu wa kwanza wa kiasi hicho nitaubeba mimi, na kwamba ukizidi tutapunguza samaki na kuongeza ndizi.

Kuhusu faranga kushuka thamani, tumekubaliana na mama yule kwamba nusu itapelekwa juma moja tu kabla ya safari, anunue mchele, mafuta na kuni, na nusu itakayobaki atalipwa kidogo kidogo, kila jioni sufuria ikiisha kuteremshwa motoni. Kama mto ukituchelewesha, jioni ambayo hatukufika haitadaiwa fedha za samaki, bali za kuni na za mchele alioupika. Haya yote yataandikwa katika karatasi mbili, na watu wawili kwa kila upande watatia sahihi. Najua kuna watakaosema ni kumkosea imani mama mwenye umri kama wa mama zetu. Mwenyewe ndiye aliyeiomba karatasi.

Alipokuwa ananikubalia bei ya sufuria alicheka, akasema kwamba kwake ni raha, maana sahani ndizo zinazomchosha: kila mtu hutaka kichwa cha samaki, na Mungu aliumba samaki mwenye kichwa kimoja. Nikamwuliza sufuria za jioni ya kwanza zitakuwa za nini. Alisema hilo ni letu kuamua, ila anataka idadi ya watu, wakubwa na watoto, kabla ya katikati ya mwezi wa sita, kwa sababu kuni hununua mapema kabla mvua haijazilowesha.

Basi Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, tukutane ukumbini. Mtunza hazina atakuja na ubao wake, nami nimemwambia ataanza yeye. Nitakuja na sanduku. Seremala amekwisha kulitoboa juu. Na kila familia ije na idadi yake, na jibu la swali ambalo mama yule aliniuliza mwishoni kabisa, alipokuwa karibu kukata simu: samaki awe mbichi, ama wa kukaushwa?